RAV4 ile ile: Ujerumani ilivuta trela, Texas naambiwa haiwezi. Tatizo ni gari au ni watu?

Mkorogwe_Ughaibuni

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, wengine mambo.

Nina swali la magari ila lina historia yake, mnivumilie.

Nilikaa Bremen miaka tisa kabla hatujahamia huku Houston. Kule tulikuwa na Toyota RAV4 haibridi (injini ya petroli na mota ya umeme), ile ya kusukuma magurudumu yote manne. Kitabu chake kilisema inavuta trela lenye breki mpaka kilo 1,650, na mimi nimeivutisha kweli. Kule trela ni kitu cha nyumbani kama ngazi au toroli. Unakwenda duka la vifaa vya ujenzi, unakodi trela dogo kwa saa chache, unapakia mbao, udongo wa bustani, kochi bovu, unaondoka zako. Foleni ya jalala la manispaa Jumamosi asubuhi ni gari dogo na trela, gari dogo na trela, mpaka barabarani. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa na VW Polo na trela lake mwenyewe la kubebea majani ya mti. Hakuna aliyemshangaa.

Kiangazi kimoja tukakodi karavani, kilo 1,400 ikiwa na vitu vyote, tukaenda nayo Denmark mpaka Blåvand, baharini. Kwanza ilibidi nikasome. Leseni ya B, ile ya kawaida ya gari dogo, inaruhusu gari na trela jumla kilo 3,500. RAV4 ikijaa ni kama kilo 2,200, jumlisha 1,400, nimeshapita. Nikaenda darasa la nyongeza la kuvuta trela, linaitwa B96, siku moja nzima. Mtihani hakuna lakini jasho lipo. Mwalimu alinipa kitu kimoja ambacho hakijatoka kichwani: ukirudi nyuma, shika usukani kule chini kabisa, mkono unakoelekea ndiko makalio ya trela yanakoelekea. Nimetafuta akili hiyo miaka yote, kumbe ilikuwa ya sekunde kumi.

Asubuhi ya safari nikapima uzito unaokalia lile tufe la chuma nyuma ya gari kwa kijimizani kidogo kama kijiti. Kilo 70. Nikahamisha kreti ya maji ikafika 72, roho ikatulia. Pale daraja la Rader, juu ya mfereji wa Kiel, upepo ukatupiga ubavuni, karavani ikajitikisa mara moja, kile kifaa cha kubana tufe kikalia kwiii kama mlango wa stoo, ikatulia. Spidi themanini. Malori mbele, malori nyuma. Mke wangu hata hakuamka.

Haya, sasa Texas.

Mke wangu anataka kuuza mishikaki, chapati na mahamri kwenye soko la Jumamosi. Tukapata trela la chakula, lililotumika, limefungwa kila upande na dirisha la kuuzia, pauni 2,900 likiwa tupu. Nikapiga hesabu: kilo 1,315. Nikasema hili ni jepesi kuliko karavani ya Denmark, twende tukalichukue. RAV4 niliyonunua huku ni haibridi vilevile, umbo lile lile, hata rangi karibu ile ile.

Mzee anayeliuza akatoka, akatazama nyuma yangu, akauliza gari la kuvutia liko wapi. Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akavua kofia. Kwa hasira nikafungua kitabu cha gari nimfunge mdomo: 1,750. Nikamwambia unaona, Wajerumani walisema 1,650, nyinyi mmeongeza! Mzee akaweka kidole pembeni ya ile namba, taratibu kabisa, hakusema kitu. Pauni. Pauni 1,750 ni kilo 794.

Nikaenda kwa mafundi wanaofunga kile chuma cha kuvutia. Huku kinaitwa hichi, na kila nikimwambia mke wangu "naenda kufunga hichi" ananiuliza "hichi nini?" Fundi naye akagoma. Anasema kufunga atafunga, lakini kwa kubebea baiskeli. Trela la chakula hataki hata kusikia.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki. Leseni yangu ya kawaida ya Texas inaniruhusu kuvuta trela la mpaka pauni 10,000, bila darasa, bila hata kuulizwa kama nimewahi kuliona trela. Halafu gari linalovuta kilo 1,650 Ujerumani, hapa linavuta nusu ya hapo. Je, ndani kuna kitu kimepunguzwa? Rejeta? Gia? Au Wamarekani ni waoga, au Wajerumani ndio wanacheza na roho zetu?

---

Pweza_Mkavu

Mkuu, kuishi Texas bila pikapu ni kama kwenda harusini Tanga bila kanzu. Utaingia, lakini watu watakutazama. Nunua F-150 yaishe.

---

Fundi_wa_Nakuru

@Mkorogwe_Ughaibuni nimecheka hapo kwa kidole cha mzee, lakini pole ndugu. Mimi nilikuwa fundi Nakuru miaka mingi, sasa niko Dallas navuta trela la futi 53. Nikujibu vile ninavyojua.

Ndani ya gari lako huenda kuna tofauti ndogo hapa na pale, lakini hiyo siyo inayofanya 1,650 iwe 794. Hiyo namba si uzito ambao gari linaweza kusogeza. Hata mimi nikisukuma behewa kwenye reli tambarare litasogea. Hiyo namba ni ahadi: nani ataendesha, kwa spidi gani, trela limepakiwa vipi, na likianguka nani atapelekwa kortini.

Anza na spidi. Wewe mwenyewe umesema themanini, katikati ya malori. Ujerumani trela ni kilomita 80 kwa saa. Ukitaka 100 kwenye Autobahn, barabara zao kuu, lazima trela lipate kile kibandiko cha 100 nyuma, na tairi zake ziwe hazijafika miaka sita. Huku majimbo mengi hayana spidi ya pekee ya trela. California wanayo, maili 55, na watu wanaipita kama haijaandikwa. Hapa Texas tuna barabara ya 130, kutoka upande wa Austin kushuka Seguin, kibao kinasema maili 85. Hiyo ni kilomita 137. Naiona kila mwezi: mtu na trela la boti, simu sikioni, anakupita wewe na lori lako kama umeegesha. Yule aliyeandika kitabu cha RAV4 Marekani anamwaza huyo. Aliyeandika cha Ujerumani anakuwaza wewe na kijimizani chako.

Sasa hapo kwenye kilo zako 72 ndipo siri yenyewe ilipo. Trela ambalo pua yake ni nyepesi huanza kutikisa mkia ukienda kasi. Mtikiso wa kwanza unacheka, wa pili unakaza mikono, wa tatu gari lako linatazama lilikotoka. Dawa ni mbili: punguza spidi, au ongeza uzito wa mbele. Wazungu wa Ulaya walichagua spidi ndogo, kwa hiyo pua ya trela inaruhusiwa kuwa nyepesi. Yako ya Denmark ilikuwa asilimia 5 tu ya uzito wote. Huku walichagua kwenda kasi, kwa hiyo kanuni ni asilimia 10 mpaka 15 ikalie nyuma ya gari. Chukua trela lako la kilo 1,315: asilimia 10 ni kilo 131, asilimia 15 ni kilo 197. Sasa pakia mke, watoto, friji la barafu la nyuma, halafu watu wawili wazima wakae juu ya bampa. RAV4 itainua pua kama nyati anayenusa upepo. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani na ndiyo yenye breki kubwa, yamekuwa mepesi. Pikapu ina chesisi yake na springi za vipande vya chuma vilivyopangwa nyuma, haijali.

Halafu kuna majaribio. Ulaya wanataka gari na trela lake viweze kung'oka kutoka kusimama, kwenye mlima wa asilimia 12, mara 5 ndani ya dakika 5. Huku nao wana la kufanana na hilo, lakini kuna kipimo kinaitwa J2807 ambacho kinaongeza Davis Dam: barabara ya 68 Arizona, maili 11.4 za kupanda mfululizo, joto la jangwa, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, na gari haliruhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Toyota ndio walitangulia kukifuata, na pikapu yao ya Tundra ya 2011. Gari linaloondoka mlimani vizuri mara tano si lazima liweze kuhimili joto la jangwani robo saa bila kupoa.

Na usidhani Wamarekani walizaliwa waoga. Miaka ya sitini baba alikuwa anafunga trela la kulala nyuma ya gari la familia, saluni ndefu kama jahazi, V8, ina chesisi, anakwenda nalo mpaka milimani. Mwaka 1947 Airstream walimpiga picha mwendesha baiskeli Mfaransa, Alfred Letourneur, akivuta trela lao kwa baiskeli. Baiskeli! Ni baadaye, magari ya familia yalipopungua na kuanza kuvutwa na magurudumu ya mbele, ndipo kazi yote ya kuvuta ikahamia kwa pikapu. Na hapo sitakudanganya, wauzaji hawakulia. Pikapu ina faida nono. Mwenye duka akikuambia RAV4 inavuta kilo 1,650, Tundra atamuuzia nani?

---

Bi_Kizingo

Nyinyi wanaume mnazungumza kama Ulaya yote ni Ujerumani. Mimi ni wa Mombasa, niko Leicester mwaka wa kumi na nne, na karavani naivuta mimi, mume wangu ndiye anayelala.

Kwetu mpaka juzi ilikuwa ukipata leseni baada ya 1 Januari 1997, kuvuta trela kubwa mpaka ukafanye mtihani mwengine. Tarehe 16 Desemba 2021 wakaufuta, sasa yeyote anavuta mpaka kilo 3,500. Kwa hivyo hiyo hadithi ya kwamba Ulaya kila mtu amesomeshwa, hapa haipo tena. Lakini mbona hatufi? Spidi. Motawei ni maili 60 na karavani, na ile njia ya kulia kabisa hukanyagi, ni haramu yako. Unajipanga kushoto na malori, unakunywa chai yako, unafika.

Na kuna kanuni ya wazee wa karavani ambayo si sheria lakini kila mtu atakuambia: karavani isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Mimi ndiyo niliyofundishwa na jirani, mzee wa Kiingereza, alikuja na karatasi na peni kabla hata hajaniuliza jina. Ndugu yangu Mkorogwe, ipigie hesabu. RAV4 yako tupu ni kama kilo 1,700. Asilimia 85 ni 1,445. Kwa hesabu ya Leicester wewe na trela lako la kilo 1,315 mko salama.

Ila trela lile si karavani! Karavani zetu ni nyembamba, zina mabega ya mviringo, vyombo vya ndani vyepesi kama biskuti. La chakula ni sanduku. Hilo ni ukuta, unavuta ukuta kwenye upepo.

---

Fundi_wa_Nakuru

@Bi_Kizingo umesema. Na ukuta huo hautabaki pauni 2,900. Ndugu, ulihesabu maji? Tangi la galoni 40 ni pauni 334. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa ni kama 74. Jenereta, weka 100. Tayari uko 3,400 na hujaingiza friji, jiko, mkaa wala mshikaki mmoja.

Jambo jingine ambalo watu wa Ulaya hushangaa. Breki. Kule trela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Unajua zinavyofanya kazi, umeziona: gari likifunga breki, trela linajisukuma mbele, ule msukumo wenyewe ndio unavuta waya wa breki. Kitu rahisi, hakina umeme, kila trela linafunga kwenye kila gari. Hapa Texas sheria inadai breki trela likizidi pauni 4,500. Kilo 2,041! Chini ya hapo, gari lako ndilo linasimamisha kila kitu. Na zikiwepo, mara nyingi ni za umeme, zinataka kisanduku chake karibu na usukani na nyaya kutoka mbele mpaka nyuma, na RAV4 haikutoka nazo kiwandani. Kwa hiyo uliza kabla ya yote: hilo trela lina breki? Chungulia nyuma ya gurudumu, utaona nyaya mbili zinaingia kwenye sahani ya chuma. Kama hakuna nyaya, hakuna breki za umeme.

Na kama ulikuja na tufe lako kutoka Ujerumani kwenye kontena, liache stoo. La kule ni milimita 50. La huku la inchi 2 ni 50.8. Ukifunga trela la Marekani kwenye tufe la Ulaya litashika, litakudanganya, halafu siku ya tuta litaruka.

---

Mkorogwe_Ughaibuni

Fundi umenijuaje? Tufe ninalo, nililifunga kwenye soksi.

Nimerudi kwa mzee leo nikiwa na tochi. Nyaya hakuna. Nyuma ya gurudumu ni kutu na kiota cha mdudu. Kwa hiyo pauni 3,500 na ushee zitakuwa zinanisukuma mgongoni kwenye barabara kuu ya I-10, na mimi nasimamia zote kwa breki za RAV4. Kule Bremen polisi angelisimamisha kabla sijatoka kwenye geti.

Lakini bado nina neno. Fundi umesema namba ni ahadi. Sawa. Mimi ahadi yangu naijua: naendesha maili 55, napima pua, sipakii nyuma. Kwa nini nihesabiwe pamoja na yule wa simu sikioni?

---

Fundi_wa_Nakuru

Kwa sababu ukigongana, wakili wa upande wa pili hatauliza uliendesha vipi. Atafungua kitabu, atasoma 1,750 mbele ya wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi kortini, atakaa chini. Watu wa bima nao wanajua kusoma. Hiyo ya Ujerumani, 1,650, ukiitoa hapo mezani itakuwa kama kutoa shilingi dukani Houston. Pesa ni pesa, lakini si hapa.

Kama unataka gari la familia, Sienna inavuta pauni 3,500, Highlander ya V6 ilifika 5,000. Sienna kwa trela hilo itakuwa imefika ukingoni, mimi nisingeifunga. Lakini swali la kifundi: hilo trela litatembea mara ngapi?

---

Mkorogwe_Ughaibuni

Hapo ndipo umenishika. Soko lina sehemu ya kuliacha, tunalipa kwa mwezi. Litatembea siku ya kulichukua, na siku tukifilisika.

---

Bi_Kizingo

Ya Rabi. Maneno yote haya kwa safari moja?

---

Pweza_Mkavu

Nilisema F-150. Sikusema iwe yako.

---

Mkorogwe_Ughaibuni

Mrejesho, wakuu. Mzee amepunguza dola 400 kwa ajili ya breki, nimezipeleka kwa fundi mwingine, anafunga za umeme wiki hii. Jirani wa mtaa wa pili ana pikapu yenye kile kisanduku cha breki tayari, atalivuta Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya magari kujaa. Nilimwomba aende maili 55, akaniuliza kama naumwa. Tumekubaliana 60, mimi nitakuwa nyuma yake na RAV4 nimewasha taa za hatari. Malipo amesema ni mishikaki kumi na mbili, pilipili pembeni.